Draiva za keneli ya Linux: baada ya moduli ya "habari" niende wapi?

saketi_moro:
Wakuu salaam. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya hapa Morogoro. C naijua, ile ya kwenye Arduino, na sasa nataka kuandika draiva (programu za kuendesha vifaa) ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux. Nina laptop ya zamani yenye Ubuntu na Raspberry Pi 4. Moduli (kipande cha kodi kinachopachikwa kwenye keneli) ya kusema "habari" imeingia, na dmesg, amri ya kuonyesha ujumbe wa keneli, inaionyesha vizuri. Shida ni kwamba kila somo ninalofuata baada ya hapo linagoma. La jana limegomea fanksheni ya class_create, eti nimeipa vitu vingi kuliko inavyotaka, na kodi nimeinakili herufi kwa herufi! Kuna jamaa ananiambia nisome kwanza kile kitabu cha bure cha 2005 (Linux Device Drivers, toleo la tatu), chote. Nyie mnasemaje?

babu_rejista:
Fundi, somo lako limezeeka, basi. Hadi keneli 6.3 class_create ilipokea THIS_MODULE na jina, kuanzia 6.4 inataka jina peke yake. Futa hiyo THIS_MODULE itapita. Na uzoee mapema: ndani ya keneli hakuna aliyekuahidi kuwa fanksheni ya leo itabaki hivyo mwakani. Kinacholindwa kwa wivu ni kile ambacho programu za nje zinakitegemea. Kitabu cha 2005 kiliandikwa kwa keneli 2.6.10. Soma sura za kufuli (kuzuia kodi mbili zisiguse data moja kwa pamoja) na intarapti (ishara ya kifaa kumwita prosesa), hazijachuja. Kodi yake achana nayo, hata ile .ioctl yake, mlango wa kupokea amri za programu za nje, iliondolewa tangu 2010.

Sasa, wengi watakwambia uandike kifaa cha kubuni kinachopokea maneno na kuyarudisha. Mimi sikushauri, utachoka wiki ya kwanza. Wewe ni fundi, una multimita mezani. Tafuta kile kimoduli cha saa chenye chipu ya DS3231, wauza vipuri vya Arduino wanacho. Kifunge kwenye Pi: pini 1 umeme wa volti 3.3, pini 3 SDA (data), pini 5 SCL (mapigo), pini 9 graundi. Usikipe volti 5, kwa sababu vingi vina saketi ya kuchaji betri na watu huweka CR2032 isiyochajika.

Washa I2C, ile njia ya mawasiliano ya nyaya mbili za SDA na SCL, kisha piga `i2cdetect -y 1`. Ukiona 68, ambayo ni anwani ya chipu, basi iko hai na hakuna draiva iliyoishika. Ukiona UU mahali pake, ujue draiva ya keneli, rtc-ds1307, imeshaikamata, iondoe kwanza.

Watu hawajui kuwa saa hii ina kipimajoto ndani. Rejista (kijichumba cha data ndani ya chipu) 0x11 ina nyuzi kamili, na biti mbili za juu za 0x12 ni robo za nyuzi. Draiva yako ya kwanza isome hizo mbili tu. Iite jina lako mwenyewe, mfano saamoro, isije ikachukuliwa na ile ya keneli. Kisha iunganishe kwa mkono:

`echo saamoro 0x68 | sudo tee /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device`

Hapo keneli itaita probe yako, fanksheni inayoitwa draiva ikikutanishwa na kifaa. Ukiiona probe ikiitwa kwenye dmesg, umeshaelewa nusu ya mambo: draiva haianzi yenyewe kama programu yenye main, inakaa inangoja kuitwa.

Jambo la mwisho, kwenye keneli sahau float, yaani namba za desimali. Joto linahesabiwa kwa elfu ya nyuzi, juu ikiwa ni 0x11 na chini ikiwa ni 0x12:

`joto = (s8)juu * 1000 + (chini >> 6) * 250;`

Hiyo s8 (namba ya biti 8 inayoweza kuwa hasi) usiiruke, ndiyo inayolinda joto la chini ya sifuri. Morogoro hutalihitaji, ila mwenye friji atalihitaji. Matokeo yapitishe hwmon, sehemu ya keneli ya vipimo kama joto, yatasomeka kwenye faili la temp1_input.

pwani_qemu:
Babu, kwa heshima, hapo natofautiana nawe kidogo. Pointa moja ikienda kombo ndani ya keneli, Pi yote inaganda, na ukichomoa umeme wakati kadi ya SD inaandikwa, unaweza kuanza upya na kadi nyingine. QEMU, programu ya kuiga kompyuta nzima, ina kifaa cha PCI kiitwacho edu, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Masaryk, Cheki, kwa kufundishia. Unaongeza `-device edu`, basi. Andika namba kwenye anwani 0x04 ya kifaa hicho, ukisoma unaikuta biti zake zimegeuzwa. Ipe namba kwenye 0x08, inakokotoa faktoria na inaweza kukutumia intarapti ikimaliza. Ikianguka, funga dirisha ufungue tena.

babu_rejista:
Edu ni nzuri, sikatai, hasa kwa intarapti. Afanye vyote. Lakini fundi anataka kushika kitu.

saketi_moro:
Wakuu, nimefika! temp1_input inasema 29250. Ila nimeweka kidole juu ya chipu na namba haikusogea. Draiva imekwama? Na hii pini ya SQW ni ya nini?

babu_rejista:
Haijakwama. Chipu hupima joto kila sekunde 64, acha kidole mpaka zamu yake ifike.

SQW ndiyo somo lako linalofuata: ukiweka alamu, pini hiyo inashuka kwenda sifuri na Pi inaweza kuipokea kama intarapti. Ila kusoma I2C kunahitaji kusubiri, na ndani ya kishughulikia intarapti hairuhusiwi kulala. Kwa hiyo tumia devm_request_threaded_irq na bendera ya IRQF_ONESHOT, usomaji wote uweke kwenye ule upande wa uzi (thread), ambako kulala kunaruhusiwa. Kabla ya kutoka, futa biti ya A1F (alama kuwa alamu ya kwanza imelia) kwenye rejista 0x0F, la sivyo pini itabaki chini na hutaisikia alamu ya pili.