Ushauri: Mwalimu niliyemlea kiuongozi, nimpendekeze sasa au asubiri?

Mwl_Uyole: Wakuu, habari za jioni. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku Mbeya. Kwa miaka mingi nawalea walimu wanaotarajia kushika shule: kuandaa mpango wa shule, kuendesha kikao cha kamati, kuingiza matumizi kwenye FFARS (mfumo wa kompyuta wa hesabu za fedha za shule), kumtuliza mzazi aliyekuja na hasira. Mmoja wao kaiva kabisa. Ofisi ya elimu imeniuliza kama yuko tayari kupewa shule. Nimekwama, hata usingizi sipati. Nishaurini.

Parachichi_Njombe: Kaiva, halafu umekwama? Mpendekeze ulale.

Mzee_wa_Tukuyu: Asome kwanza. ADEM, chuo cha uongozi wa elimu, wana kampasi hapohapo Mbeya, si lazima aende Bagamoyo. Mimi nilikabidhiwa ufunguo, mhuri na daftari la mali, basi. Muhula uleule upepo ukaezua madarasa mawili. Ndipo nikajua mwenyekiti wa kijiji ana kazi kuliko mhuri.

Dada_Mafinga: Mleta mada, kuna kitu hujasema. Kinachokukwamisha ni nini?

Mwl_Uyole: Ndiye anayefundisha darasa la kwanza. Watoto zaidi ya mia chumba kimoja, na mwezi wa sita wanasoma sentensi. Akiondoka sina wa kumweka pale, wenzake wanalikimbia darasa hilo. Ofisini nimeshajibu kwa mdomo kwamba anahitaji mwaka mmoja zaidi. Simfanyii ubaya. Mtoto asiyejua kusoma akivuka la pili, huko juu anaburuzwa tu. Na kwa mtaala mpya msingi ni miaka sita, si saba tena.

Dada_Mafinga: Mwenyewe anajua?

Mwl_Uyole: Bado. Nitamwambia mambo yakitulia.

Mtumishi_Kyela: Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu ni 200,000 kwa mwezi. Piga mara 12. Hizo unazitoa mfukoni mwa mwenzako, na Mungu anakuona.

Kiazi_Mviringo: Mwakani afundishe ovyo kidogo, atapandishwa haraka.

Loleza_Juu: Hii ni chai. Nimefundisha la kwanza Ileje. Watoto mia wasome sentensi mwezi wa sita? Haiwezekani.

Mwl_Uyole: Nitunge ili nipate nini? Anawagawa makundi. Kundi moja linasoma naye kadi za silabi alizokata kwenye maboksi, jingine linaandika mchangani nje, jingine linaongozwa na watoto walioshika haraka. Kisha wanabadilishana. Nimekaa darasani mwake nikaona.

Loleza_Juu: Kadi anaanza na irabu au anaingia moja kwa moja kwenye silabi?

Dada_Mafinga: Acheni kadi kwanza. Mwalimu, umelea wakuu wa kesho ila hukulea mtu wa la kwanza. Mpe mwenzake akae naye darasani mpaka Desemba, nawe rudi ofisini ubadili jibu.

Mwl_Uyole: Nilimwomba mmoja, akasema mgongo unamsumbua. Nitamuuliza tena. Ila ofisini siendi mpaka mwaka uishe, watoto wale ni wangu pia.

Mzee_wa_Tukuyu: Mwaka utaisha. Ofisini watakumbuka kwamba "hakuwa tayari", na aliyesema hivyo ni wewe. Mwambie mwenyewe kabla hajasikia kwa mwingine.

Loleza_Juu: Irabu au silabi?

Mwl_Uyole: Irabu, halafu ba, da, ka. Njoo Jumanne uone mwenyewe. Ila habari za uzi huu usimwambie.