Msaada: rimoti ya ndege haiwaki kabisa, Jumamosi inatakiwa

Nungunungu (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Niko Mbagala, nina rimoti ya ndege ya foam, chaneli 6, zile za 2.4 GHz zinazokula betri nne za AA. Juzi ilikuwa nzima, jana nawasha, kimya. Taa hakuna, mlio hakuna, kioo cheusi. Betri nimeshabadilisha mara mbili. Kuna fundi simu hapa mtaani anataka elfu kumi na tano. Nimpe?

Mzee wa Kutu
Angalia springi za betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri zilivuja. Pamba na siki kidogo, sugua, kausha vizuri. Yangu ilikaa kabatini masika yote, ikagoma, nikaitupa jalalani. Jirani akaiokota, akasugua. Mpaka leo anarusha ndege mbele ya dirisha langu, mshenzi yule.

Mama Tunu
Kurusha drone ni kibali kwanza, TCAA, wale wa usafiri wa anga, hawana utani. Vijana mnapitisha makamera juu ya nyumba za watu, wengine bafu zetu hazina paa.

Nungunungu
Mama, hii ni ndege ya foam, haina kamera. Mzee, springi zinang'aa.

Volti Tatu
Una mita? Weka betri, pima pale waya mwekundu na mweusi zinapoingia kwenye sakiti. Ukipata volti 6 hivi, shida iko mbele, kuanzia swichi. Na kama ina vitufe viwili vya kuwashia, bonyeza vyote kwa pamoja. Halafu tuambie, kati ya juzi na jana uliifanya nini?

Nungunungu
Sijaifanya kitu. Niliijaribu tu na betri nyingine.

Volti Tatu
Betri gani?

Nungunungu
Ile ya ndege yenyewe, betri ya lithiamu, tunaiita lipo, ya seli 3. AA ziliisha usiku, maduka yamefungwa. Plagi ikakataa, nikachubua nyaya. Lakini sekunde mbili tu jamani! Na Youtube wanaweka lipo kila siku.

Volti Tatu
Wanaweka ya seli 2, tena kwenye rimoti iliyotengenezwa kuipokea. Seli 3 ikijaa ni volti 12.6, mara mbili ya chakula chake. Ulisikia harufu?

Nungunungu
Kama mfuko wa plastiki unaungua. Kwa mbali.

Baba Pacha
Msidharau sekunde mbili. Jina langu mnaliona.

Nungunungu
Fundi ameshaifungua. Kuna kidude cha miguu mitatu kimepasuka tumbo. Anataka akiruke kwa waya. Ni mzoefu, foleni yake haiishi, na elfu kumi ameshachukua.

Volti Tatu
Asithubutu! Hicho ni regulata, kinashusha zile volti 6 ziwe kama 3.3 za prosesa. Ukikiruka, 6 zote zinaingia kichwani. Atoe, aweke kingine chenye namba ileile, apime inayotoka kabla hajafunga. Hapo ndipo tutajua kama prosesa ilipona.

Nyau Mweusi
Ngojeni kwanza. Mwanzo anauliza ampe fundi, kumbe ameshampa. Mwezi jana kwenye uzi wa kuku alikuwa Mtwara na banda lake, leo yuko Mbagala na ndege. Wakuu, hii chai, tena ya tangawizi.

Baba Pacha
Eti ndege ya foam. Mimi nilikuwa nimeshamhurumia.

Nungunungu
Nimehama kikazi. Naendesha gari la familia moja, ndege ni ya mtoto wao. Wamesafiri, wanarudi Jumamosi. Na sikuomba ruhusa, haya, mmefurahi?

Mama Tunu
Na kuku wa Mtwara umemwachia nani?

Mzee wa Kutu
Walikuwa kuchi au chotara? Mimi chotara waliniangusha na mdondo, walibaki watatu.

Volti Tatu
Wakuu, kuku baadaye. Nungunungu, mpigie fundi SASA.

Nungunungu
Amenitangulia kupiga. Anasema iliwaka kidogo, ikazima.

Volti Tatu
Aliweka regulata au waya?

Nungunungu
Mama Tunu, kuku niliwauza wote. Walikuwa 32, na jogoo wawili.