Pasi ya treni Ulaya: miji sita ndani ya siku 15, ichukuliwe ipi?

Mpanga_Safari
Wakuu, habari zenu. Ratiba ni siku 15: Paris, Amsterdam, Berlin, Prague, Vienna, kisha Rome. Umri miaka 26, makazi nje ya Ulaya. Kuna pasi (tiketi moja ya kupandia treni nyingi) ya siku 15 mfululizo na ya siku 5 ndani ya mwezi 1. Ipi inafaa? Na ukiwa nayo unapanda treni yoyote, au kuna malipo mengine?

Behewa_la_Pili
Mkuu, hesabu siku za kupanda treni, si siku za kukaa Ulaya. Miji sita ni safari tano, basi pasi ya siku 5 inakutosha. Ya mfululizo ni ya mtu anayehama karibu kila siku.

Chukua Eurail, pasi ya wanaoishi nje ya Ulaya; Interrail ni ya wakazi wa Ulaya. Kinachoangaliwa ni unakoishi. Kwa miaka 26 unalipa bei ya vijana, ambayo ni ya umri wa 12 hadi 27.

Ila kabla hujalipa, gawa bei ya pasi kwa tano, ongeza ada za viti, halafu linganisha na tiketi za kawaida. Ukinunua mapema, tiketi ya Berlin–Prague au Prague–Vienna mara nyingi ni rahisi kuliko siku moja ya pasi. Faida kubwa ya pasi ni uhuru: ukichelewa, mara nyingi unapanda treni inayofuata bila kununua tiketi mpya.

Reli_Kwa_Reli
Hapo kwenye viti ndipo watu wengi huumia. Pasi inalipia safari. Kiti ni jambo jingine. Treni za kasi kama Eurostar, TGV za Ufaransa, zile za Hispania na Frecciarossa za Italia, pamoja na treni za usiku, zote zinadai nafasi iliyowekwa mapema, kwa malipo. Ndani ya Ujerumani, Austria, Uswisi na Uholanzi treni nyingi hazidai.

Kwa njia yako, kazi iko mwanzo na mwisho. Paris–Amsterdam ni Eurostar, na viti vya wenye pasi ni vichache: treni inaweza kuwa na viti vya kuuza huku fungu la pasi limekwisha. Weka nafasi hii kwanza, kabla hata ya hoteli. Ikikosekana, tafuta Paris–Brussels, kisha upande treni ya kawaida hadi Amsterdam, isiyohitaji nafasi. Amsterdam–Berlin, takribani saa sita, na Berlin–Prague, saa nne na kidogo, unaingia tu, ingawa wikendi za kiangazi kulipia kiti ni busara.

Pia treni za kampuni za Ouigo na Italo hazipokei pasi kabisa. Metro za mijini nazo hazimo.

Mpanga_Safari
Asanteni sana. Vienna–Rome nafikiria treni ya usiku. Itakula siku mbili za pasi?

Behewa_la_Pili
Moja tu, ile ya kuondoka, mradi usibadili treni baada ya saa sita usiku. Ukibadili, siku ya pili inahesabiwa. Nafasi ya Nightjet, ndiyo treni hiyo ya usiku, iweke kwenye tovuti ya ÖBB, shirika la reli la Austria. Chagua tiketi ya kiti au kitanda pekee kwa mwenye pasi, usije ukalipa nauli nzima mara ya pili.

Tiketi_Mkononi
Naongezea la simu. Pasi inakaa kwenye programu ya Rail Planner. Kabla ya kupanda, ingiza treni husika, washa siku ya safari, kisha toa tiketi yenye msimbo wa QR. Mkaguzi akikukuta hujaingiza treni uliyomo, kwake huna tiketi, hata kama pasi umeinunua. Picha ya skrini haikubaliki. Fungua programu ukiwa na intaneti asubuhi, beba pauabanki, na pasipoti iwe karibu kwa sababu jina na namba hulinganishwa.

Siku uliyoiwasha kimakosa ifute kabla haijaanza. Ikishaanza na tiketi imeshaonyeshwa, imekwenda.

Na ukishawishika kuongeza London: viza ya Schengen (ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya) haikuingizi Uingereza, na kurudi Paris kunahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja.