Kongo ipi? Pesa zangu zimeenda ng'ambo ya mto

Jambo wandugu,
Juzi nilitumia mama pesa ya matibabu, Bukavu, kwa simu. Orodha ya nchi ikaleta Congo mbili, nami nikagusa ya kwanza. Siku tatu mama anaenda kwa wakala, anarudi mikono mitupu. Kumbe nilichagua Brazzaville! Msisome jina, someni alama. Yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni CD au COD, simu +243, franka ni CDF. Ya wenzetu ni CG au COG, simu +242, na wao wanatumia franka CFA.
Mimi, Oslo

> Mdogo wangu, pole. Mkanganyiko huu ni wa tangu 1960. Sisi tulipata uhuru Juni 30, wao Agosti 15, na nchi zote mbili zikajiita Jamhuri ya Kongo. Ikabidi watu waseme Kongo-Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Kongo-Brazzaville, kwa majina ya miji mikuu inayotazamana mtoni.
> Wa umri wangu tuna balaa letu: cheti kinasema nimezaliwa Zaire (jina la nchi tangu 1971 hadi 1997), na kwenye kompyuta za ofisi Zaire haimo. Karani mmoja akaniuliza kama ni Angola. Nilicheka, ila hakuwa mbali! Angola ina mkoa unaoitwa Zaire mpaka leo, na makao yake makuu ni Mbanza Kongo, mji wa wafalme wa Kongo ya kale. Yaani ufalme uliotupa jina, mji wake mkuu hauko katika Kongo yoyote kati ya hizi mbili.
> Mimi huandika kama cheti kilivyo, "Zaire", kisha pembeni "sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo". Na ZAR mkiiona benki msidhani ni sisi. Ilikuwa alama ya Zaire, lakini kwenye pesa ni randi ya Afrika Kusini.
> Yaya wenu, Lyon

>> Mie wa Dar, Kongo kwangu ni ule mtaa wa Kariakoo, nguo na kubanana. Wakenya nao wana Msikiti wa Kongo, kule Diani. Ila iliyonishangaza nimeikuta kazini maabara: rangi nyekundu iitwayo Congo red, tunayotumia kutafuta amiloidi, yaani protini mbovu zinazorundikana mwilini, kwenye vipande vya nyama ya mgonjwa. Ilitengenezwa Ujerumani kwa ajili ya kutia rangi nguo za pamba, ikaingia sokoni 1885, wakati Mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika ungali mdomoni mwa kila mtu. Jina lilikuwa la biashara tu. Hakuna hata tone lililotoka Kongo.
>> Minneapolis

Aksanti yaya, aksanti wa Dar. Pesa imerudi leo asubuhi, ada imebaki hukohuko. Sasa mama anataka kujua huko Brazzaville nina nani.