Baiskeli kwenye treni: nifungue nini?

Mzigo Minne: Wakuu, safari yangu ina kipande cha treni, na baiskeli hairuhusiwi mpaka iwe ndani ya mfuko. Nifungue nini? Nibebe spana zipi?

Gia Ndogo: Toa magurudumu yote mawili, geuza usukani, toa pedali. Kwenye pedali ndipo nilipoumbuka mimi. Ya kushoto nyuzi zake zimekwenda kinyume, unaifungua kwa kuzungusha kufuata mwendo wa saa. Nilihangaika nayo dakika kumi nikidhani nafungua, kumbe naikaza! Treni ikaingia, nikapanda hivyo hivyo, pedali imetoboa mfuko na inanichoma paja. Pedali nyingi hufunguka kwa spana ya milimita 15. Zipake grisi kabla hujaondoka.

Kama breki ni za diski za mafuta, gurudumu likishatoka chomeka kadibodi katikati ya pedi. Mtu akibonyeza breki patupu, pedi zinabanana na diski haipiti tena.

Mzigo Minne: Asante mkuu. Na mabegi yangu manne?

Gia Ndogo: Yafunge kwa mkanda yawe furushi moja la begani. Ngazi za stesheni hazina huruma.

Cheni Kavu: Naongezea: ukiilaza, upande wa cheni uwe juu, la sivyo mkono wa gia, ule wa nyuma unaohamisha cheni, utapinda. Na uliza kwanza treni za polepole. Mara nyingi zinapokea baiskeli nzima, humo hufungui hata skrubu.