King'amuzi kipi kinamfaa mzazi kijijini ambaye hatalipiwa kila mwezi?

Mgosi_Chamazi

Wakuu, heshima mbele. Nimempelekea mama TV ya inchi 32 Muheza. Siyo mjini, ni kule ndani njia ya kwenda Amani, vilima na michungwa. Umeme upo, unakatika lakini upo. Kilichobaki ni king'amuzi, na hapo ndipo nimekwama.

Mahitaji yake si makubwa: taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili, na mawaidha siku ya Ijumaa. Mdogo wangu anayekaa naye anataka mpira. Nitalipia mimi kwa simu nikiwa huku Dar, ila tuambizane ukweli, kuna miezi ada za shule zikibana kifurushi kitasubiri.

Nimezunguka nimebaki na njia nne: king'amuzi cha antena, dishi dogo la kulipia (Azam au DStv), dishi la futi sita la chaneli za bure, au niachane na yote ninunue kisanduku cha Android na bando. Naomba maoni ya waliotumia, si ya waliosimuliwa.

Fundi_Ngamiani

Mgosi, kabla ya kuuliza kampuni uliza kilima. Antena inataka ionane na mnara, na ukishaingia kwenye mikunjo ya Usambara Mashariki unaweza kukuta nyumba ya juu inashika chaneli zote, ya jirani aliye bondeni haishiki hata moja. Azima king'amuzi cha antena kwa mtu, panda nacho, nusu saa utakuwa umejua.

Dishi halina habari na mnara, linatazama angani. Ila angalia miti. Azam wako kwenye setilaiti ya nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo dishi lao huku Tanga linaelekea magharibi, na mwembe ukiwa upande huo utaukata au utahamisha dishi. DStv wako nyuzi 36, karibu na utosi wetu, ndiyo maana dishi lao utaliona limelala chali kama sinia linalosubiri wali. Nyumba iliyozungukwa na miti, hilo ndilo linalopona. Mvua kubwa ikishuka yote mawili hukata picha, ikipungua picha inarudi. Mwambie mama asihangaike kupiga simu.

Futi sita halina malipo ya mwezi, lakini chaneli zake nyingi ni za nje, na linashika upepo sana. Likisogea kidogo utaniita tena. Mimi nitafurahi, wewe hutafurahi.

Binti_Kurasini

Nimewahi kuuza ving'amuzi Kariakoo. Kila mteja anauliza "kina chaneli ngapi?" Mimi ningeuliza kingine: siku malipo yakiisha, kinabaki nini? Kwa mama yako siku hizo zitakuwa nyingi, umesema mwenyewe.

Usikubali kujibiwa kwa mdomo. Mwambie muuzaji akuwashie king'amuzi ambacho malipo yake yameisha, chukua rimoti, pita chaneli moja moja. Duka lenye biashara ya kweli halikosi kimoja cha hivyo.

Halafu ujue kwamba jibu haliko kwa kampuni peke yake, liko kwenye leseni. Analojia, ule urushaji wa zamani usiohitaji kisanduku, ilipozimwa, Dar ikianza usiku wa Desemba 31, 2012 na Tanga ikafuata mwanzoni mwa 2013, kampuni tatu ndizo zilizopewa kazi ya kurusha dijitali kwa minara: Star Media ambao ndio StarTimes kwa ubia na TBC, Agape wenye Ting, na Basic Transmissions wenye Continental. Hao walibeba sharti la kuonyesha chaneli za kitaifa bure. Azam, DStv na Zuku wao walikuwa na leseni za televisheni ya kulipia, lakini wakawa wanabeba ITV, Clouds, Channel Ten na wenzao. Malipo yakiisha, zinakatika pamoja na nyingine. Watu wakalalamika. Agosti 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikasema leseni zao haziruhusu, chaneli hizo zikaondolewa kwenye madishi. Baadaye zikarudi, lakini mwenye dishi alipata somo la bure.

SokoHuria

Hiyo ya 2018 mpaka leo haijaniingia akilini. Mtu kanunua dishi kwa hela yake. Mwenye chaneli anafurahi kuonekana, maana kadiri anavyotazamwa ndivyo matangazo yake yanavyolipa. Mwenye dishi anafurahi kuibeba. Mdhibiti anaingilia nini kati ya watu waliokubaliana? Anayetaka bure aweke antena, anayetaka kulipia alipie. Mtu mzima achague mwenyewe. Waliokuwa wamelipia mwezi mzima ndio walioumia, na hawakuwa wamemlalamikia mtu.

Mzee_wa_Igoma

Kijana, hao waliokubaliana walikuwa wanauza kitu ambacho mwenyewe anakitoa bure. Mnunuzi hakuwepo kwenye makubaliano.

Sisi wa bara tulianza kuona televisheni yetu mwaka 1994, Zanzibar wenzetu wakiwa nayo ya rangi tangu 1973. Ulinunua seti na antena, basi, hakuna aliyekudai tena. Kuhamia dijitali lilikuwa jambo la serikali zenyewe, makubaliano ya Geneva ya 2006, na ukomo wake ulikuwa Juni 2015. Sisi tukawahi miaka miwili na nusu, sijui tulikuwa tunakimbilia wapi. Sasa kama umenilazimisha ninunue kisanduku ili nione nilichokuwa nakiona bila kisanduku, habari za nchi yangu zisikae ndani ya kifurushi. Hapo namuunga mkono mdhibiti.

Lawama yangu kwake ni nyingine. Alizima kwanza, njia ikatafutwa baadaye. Mwenye nyumba haelezwi mabadiliko ya leseni kwa kukuta kioo cheusi.

Kisauni_Dekoda

Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu vita hivyo vilikuja kwa sura nyingine. Februari 2015 Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka karibu wiki tatu, wenye stesheni wakivutana na mamlaka ya mawasiliano kuhusu kuzima analogi na kuhusu nani atakayerusha dijitali. Mwishowe wakajenga mtandao wao wenyewe wa kurusha.

Tunachofaidi leo ni kwamba dekoda ya bure ya antena unainunua mara moja na yamekwisha. Tena TV nyingi mpya zina T2 ndani, yaani kipokezi cha dijitali, hata hiyo dekoda huihitaji. Unachomeka antena, unatafuta chaneli, unakaa. Mgosi, hebu tazama karatasi ya hiyo TV ya mama kama imeandikwa DVB-T2 kabla hujatoa hela. Huko kwenu sijui zinazofunguka bila kadi ni ngapi, lakini kujaribu si gharama.

Bando_la_Usiku

Mnaongea kama bado ni 2013. Kisanduku cha Android, simu ya mdogo wako iwe hotspoti, YouTube ina taarifa za habari za stesheni zote, tamthilia zipo, mawaidha yapo ya masheikh wote unaowajua. Unaangalia unachotaka, saa unayotaka, hakuna fundi juu ya paa. Na hakuna mdhibiti wa kukuchagulia.

Binti_Kurasini

Bando, tupige hesabu. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida inakula karibu GB 1, ukiweka HD ni kama GB 3. Taarifa ya habari peke yake, saa moja kila usiku, ni GB 30 kwa mwezi. Bado hujaweka tamthilia, na mwanamke aliyeanza tamthilia haishii sehemu moja. Nani anamlipia mama wa Muheza bando hilo?

Na hiyo ya "hakuna mdhibiti" umeitoa wapi? Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilitaka hata mwenye blogu alipie leseni. Oktoba 2023 TCRA ikataka wenye kutumia VPN, zile programu za kupita vizuizi vya mtandao, wajiandikishe. X, iliyokuwa Twitter, ikafungwa Mei 2025. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima, kisanduku chako cha Android kilikuonyesha nini? Wenye antena na dishi angalau walikuwa na picha.

Kisauni_Dekoda

Binti, hapo umesema nusu. Huku kwetu ilikuwa kinyume. Januari 30, 2018, Raila Odinga wa upinzani alipojiapisha Uhuru Park, serikali ilizima Citizen, NTV na KTN. Waliokuwa na dekoda walikodolea macho kioo, waliokuwa na bando wakafuatilia mtandaoni. Juni 25, 2025 ikawa hivyo tena, mamlaka ikapiga marufuku kuonyesha maandamano moja kwa moja, mitambo ikazimwa, mahakama ikasimamisha amri siku hiyohiyo. Simu zikafanya kazi ya televisheni.

Kwa hiyo kila njia ina swichi yake, na kila swichi ina mkono juu yake. Mimi nina dekoda ya bure sebuleni na bando dogo kwenye simu, na redio ya betri ya marehemu baba bado naitunza. Ile haijawahi kuniomba kifurushi.

SokoHuria

Sasa umenisaidia bila kukusudia. Kama swichi zote ziko kwa serikali, ya nini kuisifu TCRA kwa lile la chaneli za bure?

Mzee_wa_Igoma

Kwa sababu si swichi moja, kijana. Kumwambia mfanyabiashara "usikate habari za bure" ni kazi ya mdhibiti. Kuzima habari yenyewe si kazi yake, hata akivaa kofia ileile. Mimi naweza kutaka la kwanza na kulikataa la pili, wala sioni tabu.

Mama_Wawili

Naomba nirudishe uzi nyumbani. Mgosi, likizo wajukuu wanaenda kwa bibi, sivyo? Basi hilo la kisanduku cha Android lifikirie mara mbili. King'amuzi kina namba ya siri ya kufungia chaneli. Najua watoto huijua kabla yetu, lakini angalau ipo. Kenya wana kanuni kwamba kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku vipindi viwe vya kutazamika na familia nzima. Kanuni nzuri, ila YouTube haijui saa nne usiku. Mama mtu mzima, macho hayaoni vizuri, rimoti iko kwa mtoto wa miaka saba: usitegemee sheria yoyote hapo. Mimi kwangu nilikata shauri, mtandao unafunguka nikiwepo sebuleni, nisipokuwepo ni katuni za kwenye king'amuzi.

Pemba_Wete

Na miye niseme kidogo. Tunaotazama mpira, mambo ni mepesi. Ligi Kuu ya Bara iko Azam, wamenunua haki 2021 kwa miaka kumi, shilingi bilioni 225.6, hapana pengine pa kuitafuta. Ya Uingereza iko DStv. Huyo mdogo wako ni wa Simba na Yanga au ni wa Arsenal? Ukishajua hilo umeshajua dishi.

Mgosi_Chamazi

@Pemba_Wete ni wa vyote viwili, ndiyo balaa. Nimemwambia Arsenal atazame kibanda umiza kwa mia tano, mimi si baba yake.

Nimeufuata ushauri wa Binti, leo nimepita Kariakoo. Majina ya kampuni nayaacha. Duka la kwanza kijana alinicheka, eti kwa nini uoneshwe king'amuzi kilichokufa. Nikaondoka. La pili walikuwa nacho cha maonyesho, malipo yameisha. Nikashika rimoti: chaneli ya taifa ikaonekana, chaneli mbili za dini zikaonekana, ya tatu maandishi, ya nne maandishi, nikaendelea mpaka kidole kikachoka, yote maandishi ya "lipia kifurushi chako". La tatu, king'amuzi cha antena, zilibaki za kutosha, habari za saa mbili zipo kwenye stesheni zaidi ya moja, lakini tamthilia anazozipenda mama hazikuwemo.

Karatasi ya TV nimeitazama pia. DVB-T2 imeandikwa, kwa hiyo antena nitaijaribu hata bila king'amuzi.

Mpango wangu sasa: Jumamosi napanda na antena na king'amuzi cha kuazima. Kikishika, kinabaki, ndicho cha kila siku. Dishi dogo la Azam nitaongeza mwezi wa hela, la tamthilia na ligi, nalo nitalilipia ninapoweza. SokoHuria usinune, nimechagua mwenyewe.

SokoHuria

Sijanuna. Ila umenunua viwili badala ya kimoja, na wote wawili wamepata hela yako.

Fundi_Ngamiani

Sawa Mgosi. Antena nunua ya nje, usidanganywe na zile ndogo za kuweka juu ya TV, kule bondeni hazitakusaidia kitu. Waya chukua wa aina ya RG6, pima kutoka nguzoni mpaka kwenye TV uongeze mita tatu, usiunge katikati. Nguzo iwe bomba la chuma, siyo mti, mti ukikauka unajipinda na picha inaenda nao. King'amuzi angalia kiwe cha adapta ya volti 12, umeme ukikatika kinawaka kwa betri ya sola, ila TV nayo iwe ya kutumia sola, la sivyo mtabaki mnaangalia taa ya king'amuzi. Ukifika Muheza stendi nibipu, nina kijana wangu huko. Na mpe yeye aelekeze dishi, usipande mwenyewe juu ya bati la mama yako.