Terminali za kwanza za viwandani ziliwasilianaje na kompyuta kuu?

Mtafiti Kijana aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa wasilisho la darasani kuhusu historia ya ukusanyaji wa data viwandani. Siku hizi mfanyakazi akigusisha kadi yake kwenye kisomaji kilicho kando ya mashine, taarifa hufika kwenye seva kufumba na kufumbua, kwa kuwa kisomaji hicho chenyewe ni kompyuta ndogo iliyounganishwa na mtandao. Hata hivyo, nimesoma kwamba viwanda vya Marekani vilikuwa na vifaa vya kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati prosesa ndogo, yaani chipu moja inayofanya kazi ya ubongo wa kompyuta, zilikuwa bado hazijabuniwa. Naomba kueleweshwa mambo mawili: taarifa zilipita katika waya wa namna gani, na je, kompyuta moja iliwezaje kusikiliza terminali nyingi, yaani vifaa hivyo vya kuingizia taarifa, bila taarifa zao kuchanganyikana?

Mhandisi wa Mitambo alijibu:

Ndugu Mtafiti, umeuliza swali zuri, ila inafaa kwanza tuweke sawa jambo moja, kwamba vifaa vya mwanzo kabisa havikuwasiliana na kompyuta hata kidogo. Chukua mfumo wa IBM 357, uliotangazwa mwaka 1959. Mfanyakazi aliingiza beji yake yenye matundu yaliyobeba taarifa zake, kisha kadi ya kazi iliyokuwa ikisafiri pamoja na bidhaa kutoka hatua moja hadi nyingine, na idadi ya vipande alivyomaliza aliiweka kwa mkono. Ishara zilipita kwenye kebo hadi kwenye kifaa cha udhibiti, na kutoka hapo hadi kwenye mashine ya kutoboa kadi, ambayo ilitoboa kadi mpya yenye taarifa hizo zote pamoja na saa. Kadi hizo zilirundikana, kisha zikapelekwa kwenye chumba cha kompyuta kusomwa kwa mkupuo. Maana yake ni kwamba kama mfanyakazi aliingiza kadi isiyo yake, kosa hilo lingegunduliwa baadaye sana, pengine yeye akiwa ameshatoka zamu.

Mawasiliano ya moja kwa moja yanaonekana vizuri katika mfumo uliofuata, IBM 1030, wa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kituo chake cha kuingizia taarifa, kilichoitwa 1031, kilituma herufi moja baada ya nyingine, na kila herufi biti (alama ndogo kabisa ya taarifa, 0 au 1) moja baada ya nyingine, kwa kasi ya herufi 60 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, taarifa yenye herufi 40 ilichukua takriban theluthi mbili za sekunde. Hiyo si kasi ndogo kwa mtu anayesubiri, lakini laini ikitumiwa na vituo vingi ni lazima pawe na utaratibu wa kupokezana.

Utaratibu wenyewe, ambao kwangu ndio kiini cha swali lako la pili, ulikuwa huu: terminali haikuanza kuzungumza hadi iulizwe. Kompyuta, au kifaa cha kudhibiti laini kilichokuwa mbele yake, ilituma anwani ya kituo kimoja. Vituo vyote vya laini ile viliipokea, lakini kilichoitika ni kile tu chenye anwani hiyo. Kama hakikuwa na la kusema, kilitoa jibu fupi la kukana na zamu ikahamia kwa kinachofuata. Kama mfanyakazi alikuwa ameingiza kadi, taarifa ilitumwa, ikafuatiwa na alama ya mwisho wa fungu la taarifa na herufi ya ukaguzi, ya kugundulia makosa. Katika vitabu vya mwongozo vya IBM vya wakati huo, alama hizi za udhibiti ziliandikwa kama herufi ndani ya duara: B ilionyesha mwisho wa fungu, Y ilikuwa jibu kwamba taarifa imepokelewa salama, na N ilikuwa jibu kwamba imeharibika njiani. Kwa kuwa vifaa vingi vya enzi hiyo havikuwa na kumbukumbu ya kutunza vilichokituma, jibu la N lilimaanisha mfanyakazi aingize kadi yake upya. Ninasisitiza hatua hii ya jibu kwa sababu wanafunzi wengi huiruka. Bila jibu, kituo kingeweza kutuma taarifa kwenye waya uliokatika na mfanyakazi akaondoka akiamini kwamba kazi yake imeandikwa.

Fundi Simu Mstaafu alijibu:

Namuunga mkono Mhandisi. Nitaongeza kuhusu waya, kwa kuwa nimehudumia teleprinta za teleksi, yaani mashine za kuandika zinazotumiana maandishi kwa waya, kwa miaka mingi na mbinu ni ileile.

Terminali nyingi za zamani, hasa zilizotokana na teleprinta, zilitumia kitanzi cha mkondo wa umeme wa miliampia 20. Mkondo ukipita, hiyo ni hali moja ya biti. Mkondo ukikatwa, ni hali ya pili. Laini ikiwa imetulia, mkondo hupita muda wote, kwa hiyo fundi aliyeunganisha mita kwenye kitanzi alijua mara moja: akiona 20, waya ni mzima, akiona sifuri bila kurudi, waya umekatika mahali fulani. Teleprinta ya Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963, ilituma biti 110 kwa sekunde. Kila herufi ilibeba biti 11, yaani ya kuanzia, saba za herufi, moja ya ukaguzi na mbili za kumalizia, hivyo ukapata herufi 10 kwa sekunde.

Kwa nini mkondo na si volti? Katika kitanzi kimoja mkondo ni uleule kila mahali, hata kama waya ni mrefu na una ukinzani mkubwa, mradi chanzo kina nguvu ya kutosha. Volti, kinyume chake, hupungua kadiri waya unavyorefuka. Kiwango cha RS-232, yaani kanuni za kuunganisha vifaa kwa ishara za volti, katika toleo lake la C la mwaka 1969, kilipendekeza kebo isiyozidi futi 50, sawa na mita 15 hivi, umbali ambao hautoshi hata kuvuka karakana moja kubwa. Zaidi ya hapo, kiwandani kuna mota na mashine za kuchomelea zinazotia kelele kwenye nyaya, na ardhi ya jengo moja huweza kutofautiana kwa volti na ya jengo jingine. Ndiyo maana nyaya zilisokotwa mbili mbili na kutenganishwa na nyaya za umeme mkubwa.

Mtafiti Kijana aliandika:

Nawashukuru sana wakubwa zangu, sasa nimeelewa. Limebaki moja: kompyuta kuu ikizimika katikati ya zamu, kiwanda kilifanyaje?

Mhandisi wa Mitambo alijibu:

Hilo liliwasumbua wahandisi wengi. Mfumo wa 1030 uliweza kufungwa ili vituo vipeleke taarifa kwenye mashine ya kutoboa kadi, 1034, badala ya kompyuta, na kadi zikasomwa baadaye kama zamani. Miaka ya 1970 viwanda vilianza kuweka kompyuta ndogo katikati, kama IBM System/7 ya mwaka 1970. Hiyo ndiyo iliyouliza vituo kwa zamu, ikakagua namba za kazi papo hapo na kutunza taarifa, kisha ikazituma kwa kompyuta kuu kwa laini ya simu na modemu, yaani kifaa kinachogeuza data kuwa ishara zinazopita kwenye simu. Kompyuta kuu ikizimika, karakana iliendelea kuandikisha kazi zake, na kompyuta ndogo ilitunza taarifa hizo hadi mawasiliano yaliporejea.